Keki ya Jack na usiku wa Jumamosi

Binti aliyetutengenezea keki pale Mwanga, mjini Kigoma, aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Jack ni nani?" La pili: "Anatimiza mingapi?"

Nilijibu la pili, maana ndilo lilikuwa jepesi. "Ishirini na mbili."

Ndivyo mjomba alivyoniagiza. Keki ya kilo mbili, krimu ya bluu, maandishi HONGERA JACK 22. Kwa hiyo jioni ya Alhamisi, 29 Februari 2024, watu waliingia nyumbani kwake Ujiji wakijua wamekuja kwa kijana. Jirani mmoja alileta mkanda wa suruali. Mama mdogo alileta manukato ya aina ile wanayojipulizia vijana wanaotafuta wachumba. Wakakuta ukutani, juu ya makochi, picha ya mzee wa Kizungu kwenye karatasi ya A4. Niliichapa mwenyewe dukani kwangu, na kwa kuwa wino wa njano ulikuwa unaelekea kwisha, uso wake ulitoka na rangi ya zambarau kama mtu aliyekabwa na mfupa wa mgebuka.

Jack Lousma, mwanaanga mstaafu wa Marekani. Amezaliwa 29 Februari 1936, Grand Rapids, Michigan. Jioni ile alikuwa anatimiza miaka 88, ila tarehe yake ilikuwa imemrudia mara 22 tu.

Ulipofika wakati wa mshumaa, mjomba alikataa kuupuliza. Alisema mwenyewe yuko Marekani, tuuache uishe. Tukakaa, watu wazima kumi na tano, tunautazama mshumaa mmoja unavyolia nta juu ya herufi J.

Mimi niliona aibu.

## Mwalimu Rudia Tafadhali

Mjomba amefundisha jiografia sekondari tangu mimi sijaanza shule. Waliosoma kwake wengi hawalikumbuki jina lake. Wanamkumbuka kama Rudia Tafadhali.

Mwanafunzi akijibu kwa sauti ya chini, mjomba hakumkemea. Alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, akasema: "Rudia tafadhali." Miaka ile, mwalimu kumwambia mtoto wa kidato cha pili neno "tafadhali" huku fimbo iko mezani lilikuwa jambo la kusimuliwa nyumbani.

Maneno hayo si yake. Aprili 13, 1970, tangi la oksijeni lililipuka kwenye chombo cha Apollo 13, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Mwanaanga Swigert akaita Houston, kituo cha kuongozea safari huku duniani, kwamba wamepata tatizo. Sentensi hiyo inajulikana dunia nzima, hata mafundi bodaboda wa Gungu wanaitumia. Kinachosahaulika ni kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili, kijana wa miaka 34 aliyekuwa zamu kwenye kipaza sauti, na jibu lake lilikuwa fupi: hapa Houston, rudia tafadhali. Kamanda Lovell akarudia, na kazi ya kuwarudisha watu watatu nyumbani ikaanzia hapo.

Kijana huyo ndiye Lousma.

Mjomba anasema sentensi ya kwanza angeisema yeyote, maana mtu aliyeungua haambiwi apige kelele. Ya pili inahitaji mtu. Nimeisikia kauli hiyo tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kati ya wanaanga wote mjomba alimshika huyu mmoja. Nilidhani ni ile tabia ya wasomi wa zamani, kila mmoja na Mzungu wake.

## Muhogo wa bibi

Mwaka 1979 mjomba alikuwa na miaka 15. Redio ya babu ilitangaza kwamba kituo cha anga cha Wamarekani, Skylab, kinashuka, na hakuna anayejua kwa hakika kitadondokea wapi. Njia yake ilipita kati ya latitudo 50 kaskazini na 50 kusini. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini, ndani kabisa. Bibi aliposikia, alikwenda uani akakusanya muhogo wote uliokuwa kwenye jamvi akauingiza ndani. Watoto aliwaacha nje.

Kilianguka Julai 11, vipande vingine Bahari ya Hindi, vingine Australia Magharibi karibu na mji wa Esperance. Halmashauri ya Esperance ikaiandikia NASA, shirika la anga la Marekani, faini ya dola 400 kwa kutupa takataka. Hii ndiyo hadithi mjomba anayoipenda kuliko zote, na mtu akitupa ganda la ndizi mbele ya geti lake huisikia yote.

Baadaye, katika jarida kuukuu la maktaba, alisoma habari za waliowahi kuishi ndani ya kituo hicho. Kundi la pili, mwaka 1973, lilikuwa la Bean, Garriott na Lousma, na lilikaa siku 59. Lousma na Garriott walitoka nje ya chombo wakafanya kazi zaidi ya saa sita kufunga kivuli cha kuzuia jua. Walikuwa pia na buibui wawili, Anita na Arabella, wazo la msichana wa sekondari aliyetaka kujua kama buibui anaweza kusuka utando mahali ambapo hakuna juu wala chini. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa ovyo. Baada ya siku chache akazoea, akasuka vizuri.

Sasa jaribu kufundisha habari hiyo Ujiji, ambako buibui ni vazi la mama yako. Kila mwaka darasa lilivunjika. Kila mwaka kuna aliyeuliza kama Arabella alivaa na ushungi.

Chini ya picha ya Lousma kulikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mjomba anasema alipoiona alifunga jarida, akatoka nje, akarudi kuisoma tena.

## Alichoniambia mama jikoni

Usiku ule wa keki nilimfuata mama jikoni nikamwambia kaka yake anatuchekesha. Kesho yake anastaafu, miaka 60, watu walitaka kumfanyia sherehe yake, akakataa. Badala yake tunamkatia keki mtu asiyejua Ujiji iko wapi. Mji wenyewe si wa keki za kuzaliwa. Shekhe wa jirani alipopita kusalimia aliutazama mshumaa, akatazama picha, akasema, "Na huyu ni ndugu yenu?"

Mama alikuwa anakausha dagaa za kukaanga. Hakugeuka. "Unadhani anamsherehekea Mzungu?"

Ndipo nikasikia ambalo nyumba nzima walilijua. Mjomba naye alizaliwa 29 Februari, mwaka 1964. Mwaka ule ule wa Skylab alipelekwa kwenye ofisi moja kujaziwa fomu. Karani akainua macho kwenye kalenda ya ukutani, Februari ya 1979 imeishia 28, akasema tarehe hiyo haipo. Babu akajaribu kueleza. Karani akaandika 1 Machi na kugonga muhuri. Kutoka hapo tarehe ile ikaingia kwenye cheti, kwenye barua ya ajira, kwenye kitambulisho, kwenye kila karatasi mpaka za mafao.

Aliyewahi kufuatilia mafao ya mzee wake anajua. Tofauti ya siku moja kati ya karatasi na karatasi inaweza kukulaza kwenye benchi la ofisi mwaka mzima. Kwa hiyo miaka yote 45 mjomba hakuitaja 29 Februari kama siku yake, hata kwa utani. Akaitafutia mwenyewe mwingine ambaye karatasi zake hazina ugomvi.

Nilirudi sebuleni. Mjomba alikuwa anawasimulia wageni Machi 1982, Lousma ni kamanda wa chombo cha Columbia, uwanja wa kutua kule California umelowa mvua, wanapelekwa White Sands, New Mexico, dhoruba ya mchanga inawachelewesha siku nzima angani, na walipotua vumbi likaingia kila tundu la chombo. "Kama gari la Kasulu kiangazi!" alisema, na watu wakacheka. Baada ya hapo mtu akauliza kama aliingia siasa. Akasema ndiyo, 1984, aligombea useneta wa Michigan akashindwa. "Kupendwa ni kura moja," akasema. "Kuhesabiwa ni nyingine." Wakacheka zaidi.

Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, mvuvi wa Kibirizi, aliaga mapema. Mwezi ulikuwa umepungua siku tano tangu upevuke, ungechelewa kuchomoza, na saa zile za giza za mwanzo wa usiku ndizo za kuwasha taa dagaa wapande. Alimpa mwalimu mkono kwa mikono miwili. "Hongera, Jack," akamwambia, na akaondoka na kipande chake cha keki kwenye mfuko wa shati.

Naye alijua. Ni mimi tu niliyekuwa sijui.

## Nikaanza kuhesabu

Hapa ndipo nilipojitafutia balaa.

Nilitaka kumwandikia mjomba kitu cha kustaafu, kizuri, chenye ushahidi. Nikaanza kukusanya. Cheti cha hospitali hakuna, alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga. Kulikuwa na karatasi ya pakiti ya sigara. Asubuhi ya Jumamosi babu alikwenda bandarini kwenye kazi yake ya ukuli, akamwambia karani wa mizigo kwamba amepata mtoto wa kiume, na yule akamwandikia tarehe ya siku hiyo, 29/2/64. Karatasi ililiwa na mchwa zamani.

Kilichobaki ni maneno ya bibi, aliyefariki mwaka 2003. Mama na dada zake wanayasema sawasawa, neno kwa neno, kama watu wanavyosema dua: "Mfungo Mosi, mbalamwezi, usiku wa Jumamosi, wavuvi wote wamelala nyumbani."

Nikatafuta kalenda. Idi el-Fitr ya mwaka 1964 iliangukia katikati ya Februari, kwa hiyo mwisho wa mwezi ule ni Mfungo Mosi kweli, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi ulipevuka Februari 27. Mbalamwezi kweli, na wavuvi wa dagaa huwa hawatoki kukiwa na mwanga wa namna hiyo, maana taa haina kazi. Februari 29 ni Jumamosi. Kweli tena. Kalenda yetu hujirudia kila miaka 28, ndiyo maana siku aliyozaliwa Lousma, miaka 28 kamili nyuma, nayo ilikuwa Jumamosi. Machi Mosi ya karani ilikuwa Jumapili.

Nilifurahi kama mwanasheria. Mwezi wenyewe umekuja kutoa ushahidi dhidi ya muhuri!

Siku mbili baadaye nilikuwa natoa fotokopi za mtu, nikasikia redioni mtangazaji anasema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mkono ukasimama.

Usiku wa Jumamosi.

Bibi yangu hakuhesabu siku kwa saa ya ukutani. Kwake jua likizama siku imekwisha, na usiku unaoingia ni mali ya kesho. Usiku wa Ijumaa kwake ulikuwa ule wa Alhamisi jioni, wa kusoma Yasini. Kwa hiyo usiku wa Jumamosi ulianza Ijumaa magharibi. Kama mjomba alizaliwa baada ya saa sita usiku, ni tarehe 29. Kama alizaliwa saa tatu, saa nne, saa tano, ni tarehe 28. Na karatasi ya sigara haisaidii kitu, maana ilibeba tarehe ya habari kufika bandarini.

Niliwauliza mama na mama wadogo, kila mmoja kwa wakati wake, ilikuwa saa ngapi. Mmoja alisema jogoo. Mwingine alisema watu walikuwa wanatoka kula. Mama akasema, "Usiku, mwanangu. Usiku ni usiku."

## Wiki nne

Sikumwambia.

Nilijaribu kujishawishi kwamba haijalishi. Kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu mjomba keshapita 61, na siku yake ya kuzaliwa huzunguka mwaka mzima, inamkuta masika, inamkuta kiangazi. Nani anajali masaa? Tena hata huo mwaka mrefu ni kiraka tu, jua na kalenda havikulingana watu wakaongeza siku, na bado havilingani, ndiyo maana mwaka 2100 hautakuwa na Februari 29 na watoto wa 2096 watasubiri miaka minane.

Lakini mjomba anajali. Aliishikilia tarehe ile tangu zamani bila karatasi, akaificha nyuma ya jina la mtu mwingine, na huenda haikuwahi kuwa yake. Karani aliyemwambia tarehe hiyo haipo huenda, kwa sababu za kijinga kabisa, alikuwa sahihi kuikataa, ingawa naye aliikosa ya kweli kwa siku mbili. Mtu ana siku tatu za kuzaliwa na hana hata moja ya kusimamia.

Na kuna hili pia. Mimi ndiye niliyeona aibu mbele ya mshumaa. Kama ningemwambia, ingekuwa kwa ajili yake, au ningekuwa nalipiza aibu yangu? Niliandika makala hii mara ya kwanza bila sehemu ya usiku wa Jumamosi. Ilikuwa tamu sana. Niliifuta.

## Futari

Nilikwenda Ujiji kumi la pili la Ramadhani. Jua lilikuwa linashuka milima ya Kongo, ziwa limegeuka rangi ya mawese, na kama ilivyo huku kwetu magharibi ya mwisho wa nchi, Dar walikuwa wamekwisha kufuturu sisi bado tunatazamana na tende. Tukafuturu. Uji wa pilipili manga, mihogo, dagaa. Mkazamjomba akaingia jikoni kuongeza chai.

Nikamwambia. Nilianza mbali, kwenye Idi ya 1964, nikapita kwenye mbalamwezi, nikafika kwenye usiku. Sauti ilikuwa inanipungua kadiri ninavyokaribia.

Hakustuka. Alichagua tende nyingine, akaipasua kutazama kama ina mdudu.

"Hilo nimelijua tangu mwaka wa kwanza wa kufundisha kanda za saa," akasema. "Ulidhani nafundisha nini?"

Nikanyamaza.

"Usiku wa mama ulianza jua lilipozama. Mwisho wa Februari hapa Kigoma jua linazama saa ngapi, mjomba?"

"Saa moja na robo. Na dakika kidogo."

"Skylab ilianguka wapi?"

"Esperance."

"Wametutangulia saa ngapi?"

Nikahesabu kwa kokwa za tende juu ya sahani. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich, wao nane. "Tano."

"Basi jua likizama hapa, Esperance ni saa ngapi?"

Kokwa ziligoma kuwa kitu kingine. Saa sita na robo usiku. Tarehe imekwisha kugeuka. Bibi aliposema Jumamosi imeingia, kule kilikodondokea chombo cha Jack ilikuwa imeingia kweli, na kila dakika ya usiku wake ule, awe amezaliwa saa mbili au saa kumi, ilikuwa Jumamosi ya huko.

Si ushahidi, najua. Mtoto huzaliwa alipo, hazaliwi Australia. Ni ujanja wa mwalimu aliyekaa na swali miaka mingi mpaka likamwonea haya. Nilitaka kumwambia hivyo, na sikuwa na uhakika kama nataka.

"Kwa hiyo ni tarehe ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tisa," nikasema, kwa sauti ya mtu wa dawati la nyuma.

Mjomba akainamisha kichwa upande mmoja.

"Rudia tafadhali."

Nikarudia, na nadhani nilipiga kelele, maana mkazamjomba alitoka jikoni na birika mkononi kuuliza ni nani tena anayetimiza ishirini na tisa, na safari hii keki iwe ya kilo ngapi.